Mlango wa Nani, na Katoka Wapi

Kwa miaka ishirini na miwili nimeandika neno "mlango" mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Kazi yangu ni kuandika michezo ya redio. Katika mswada wangu, mtu akiingia nyumbani, naandika: MLANGO UNAFUNGULIWA. Basi. Natia nukta, naendelea na mazungumzo, maana kwa akili yangu mchezo ulikuwa ni mazungumzo, na vingine vyote vilikuwa vya kujazia.

Na kwa miaka yote hiyo, kila Jumatatu nikishagawa mswada, mwanamke mmoja alikuwa akiinua kichwa kutoka kwenye kiti chake cha pembeni na kuniuliza swali lilelile.

"Mwandishi, huu mlango wa nani, na katoka wapi?"

"Wa Mzee. Mlango ni mlango, Bi!"

"Sawa. Lakini katoka wapi?"

Mimi hasira zangu zinakaa karibu, haziombi nauli. Nilikuwa namjibu chochote ili aniache: katoka sokoni, katoka kwa jirani, katoka kuzimu. Yeye anaandika kwa penseli pembeni ya ukurasa, ananishukuru, anarudi kwenye vitu vyake. Siku moja niliyosema kuzimu aliandika hivyo hivyo, kuzimu, na mlango wa wiki ile ulinisimamisha nywele.

Tulimwita Bi Vishindo. Jina lilikuwa la utani, kwa sababu mwenyewe hakuwa na kishindo hata kidogo. Aliingia studio kimya, akavua viatu kimya, akala chakula chake cha mchana kimya kana kwamba kuna mgonjwa amelala chumba cha pili. Lakini taa nyekundu ikiwaka, mwanamke huyo alikuwa mvua, alikuwa moto, alikuwa umati wa watu wanaokimbia. Milio yote ya mchezo wetu aliitengeneza yeye. Kabati lake lilichukua ukuta mzima: jozi kumi na moja za viatu, mwavuli mkuukuu ambao ukifunguliwa na kufungwa harakaharaka ni njiwa anaruka, mfuko wa chumvi ya mawe wa kukanyagwa ili wewe uliye nyumbani usikie changarawe, karatasi za nailoni za kufikicha ziwe moto wa kuni. Mtu akivunjika mkono katika mchezo, ujue ni karoti imevunjwa mbele ya maiki. Kofi alijipiga mwenyewe pajani kwa kandambili, na wiki zile nilizoandika ugomvi mwingi alikuwa akirudi kwake anachechemea.

Pembeni ya kabati ulisimama mlango. Mlango kamili wa mbao, na fremu yake, juu ya ubao wenye magurudumu, hauingii popote wala hautoki popote. Ulitoka kwenye chumba alichopanga ujanani. Mwenye nyumba alipoweka milango ya chuma, wapangaji wenzake walishangilia. Yeye akaomba apewe ule wa zamani, akausukuma kwa mkokoteni mpaka studio. Bawaba yake ya juu ilikuwa na mlio wa peke yake. Ulianza chini, ukapanda, ukakatika kabla ya kumaliza, kama mtu aliyetaka kusema neno akaghairi. Huo ndio uliokuwa mlango wa nyumba ya Mzee, mhusika mkuu wetu, na kila Alhamisi jioni watu wakiusikia waliacha walichokuwa wakifanya wakasogea.

Halafu redio ikahamia kwenye simu. Siwezi kukuambia ilihama lini. Niligeuka tu nikakuta barua za wasikilizaji zimekoma na badala yake kuna maoni ya mstari mmoja, yenye vikatuni vya kulia na kucheka. Meneja wa vipindi akatuita chumba cha mikutano. Ni mtu mwungwana, na hilo ndilo linaloudhi, kwa sababu mtu mwungwana akikuumiza hata kumtukana vizuri huwezi. Akasema mchezo sasa utakatwa vipande vya dakika kumi, kila mtu asikilize saa anayotaka. Akasema tena studio itafungwa kamera, maana siku hizi watu wanataka kuona wanachosikia.

"Kuona nini?" akauliza yule anayeigiza Bibi Harusi. Bibi Harusi wetu katika mchezo ana miaka kumi na tisa. Mwigizaji mwenyewe ana wajukuu wanne.

Meneja akakohoa, akaruka hapo. Kamera zinahitaji ukuta, akasema, na ukuta uliopo ni ule wa kabati. Kompyuta mpya imekuja na milio elfu arobaini. Kipindi cha wiki hii kitatumia milio hiyo, bila kumwambia msikilizaji yeyote. Wasipogundua, Bi Vishindo atapumzika mwisho wa mwezi ujao. Neno "atapumzika" alilitamka vizuri sana, utadhani anampa zawadi.

Mimi damu ilinichemka. Nikamgeukia Bi Vishindo nione kama analia, ili nami nipate sababu ya kupiga meza. Hakuwa akilia. Alikuwa ameinamia mbele, akimkazia macho Meneja mdomoni.

"Elfu arobaini," akasema. "Na mvua ziko ngapi humo?"

Meneja hakujua. Akajibu yule fundi mitambo mpya, mama wa watoto wawili aliyetoka kwenye kampuni ya kutengeneza matangazo, ambaye hedifoni hazikumtoka shingoni hata akienda kunywa chai.

"Mvua kama mia sita hivi, Mama."

"Mia sita!" Bi Vishindo akapiga makofi mawili madogo. "Naweza kuzisikiliza?"

Niliona aibu kwa niaba yake. Mtu analetewa kisu cha kumchinja, yeye anauliza kinanolewaje.

Lakini ndivyo alivyokuwa. Kesho yake nilipofika, kiti chake kilikuwa kimehamia ubavuni mwa Fundi, na maswali yamekwisha kuanza. Mvua hii ilinyesha wapi? Fundi akasema haijaandikwa, imeandikwa tu "mvua, nzito, bati". Na waliokuwa chini ya bati walikuwa wakifanya nini? Fundi akacheka, akasema kompyuta haijui hayo. Aliyerekodi alikuwa amesimama au amekaa? Hilo nalo haijui. Bi Vishindo akatikisa kichwa kwa huruma, si kwa kujidai, akaomba aonyeshwe nyingine.

Kilichomteka zaidi kilikuwa skrini. Kumbe kwenye kompyuta sauti inachorwa. Mvua ilikuwa utepe mnene wenye manyoya, kofi lilikuwa mwiba mmoja, na mtu akisema "karibu" unaona vilima vitatu. Bi Vishindo aligusa kioo kwa kidole mpaka Fundi akakifuta mara mbili.

"Hebu nionyeshe kimya," akasema.

Fundi akaacha maiki wazi, sote tukanyamaza. Ukatokea mstari, lakini haukunyooka.

"Aa," akasema Bi Vishindo taratibu. "Kwa hiyo hata kimya kinatetemeka."

Alikaa kuutazama mstari ule muda mrefu. Mimi nilikwenda zangu kunywa chai kwa hasira.

Kipindi kikatoka Alhamisi. Kulikuwa na mvua ya kompyuta, nyayo za kompyuta, na katika dakika ya nne Mzee alirudi nyumbani kwa mlango wa kompyuta, mlango mzuri tu, wenye mlio safi. Nilikaa na simu mkononi kama mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo. Haikupita nusu saa.

"Mzee kahama lini?" akaandika mmoja. "Mmehamisha nyumba bila hata kutuaga?" Mwingine akataka kujua nani kaingia, maana aliyeingia hakuwa Mzee ingawa sauti ni yake. Mmoja akasema mama yake kaiambia redio kwa sauti, "Mzee, angalia nyuma, mwizi huyo!" na mpaka sasa hajatulia. Hadi asubuhi maoni yalikuwa zaidi ya mia tatu, na zaidi ya nusu yalihusu mlango. Hapakuwa na aliyetaja mvua. Hapakuwa na aliyetaja, nasema kwa uchungu, mazungumzo yangu.

Nikayachapa yote. Nikaingia ofisini kwa Meneja bila kubisha hodi, nikamtandazia karatasi mezani, nikamhutubia. Nilisema kuhusu jasho, heshima, na wasikilizaji kuwa na masikio kuliko wakubwa wengine. Nilisema vizuri, nakwambia. Hata mimi nilijipenda. Meneja akasoma karatasi moja baada ya nyingine. Alipofika kwa yule wa mwizi akacheka mpaka akatoa kitambaa.

"Umenishawishi kabisa, Mwandishi," akasema. "Mlango huu ni mali. Hauwezi kupotea." Akanyanyua simu. "Fundi? Kabla Bi Vishindo hajaondoka, urekodi ule mlango wake uingie kwenye kompyuta. Na vitu vyake vingine vyote. Mpe mwezi mzima."

Nilikwenda kumtetea, nikarudi nimemwuza.

Njia ilibaki moja, nayo ni hila. Nilimvizia kantini, nikamwambia kwa sauti ya chini: wape mlango mmoja tu. Ufungue hivi hivi, kivivu, wachukue huo huo mmoja waende nao. Wakiona haufai kila mahali watakuita tena, nawe utakuwa na la kudai. Alinisikiliza, au nilidhani ananisikiliza, huku akinitazama midomo, akitafuna. Kisha akasema asante, akaenda studio, akampa Fundi milango saba siku hiyohiyo.

Siku ya pili akampa tisa.

Nilipopita nje ya kioo cha studio niliona Fundi ameweka maiki tatu: moja juu, moja kwenye kitasa, moja sakafuni. Bi Vishindo anafungua, anafunga, anakwenda kwenye skrini, anatazama, anarudi, anafungua tena. Alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilisubiri mpaka akatoka, akashika ukumbi kuelekea mlango wa nje, na mimi nyuma yake.

"Wewe mwanamke una akili kweli?" nikamwambia mgongoni. "Mkata mti anakuja na shoka, wewe unamchongea mpini! Miaka yote hii nilifikiri una busara, kumbe ni kimya tu!"

Akaendelea kutembea.

"Haya, nidharau! Nilikwenda kukupigania, wewe unanipa mgongo!"

Hakugeuka. Hakuharakisha wala hakupunguza mwendo. Watu wawili walichungulia kutoka chumba cha habari. Nikamkimbilia, nikampita, nikasimama mbele yake nikihema. Akashtuka kidogo, kisha uso wake ukatulia kwenye midomo yangu.

"Mwandishi. Ulikuwa unasema? Anza tena, nilikuwa nimekupa mgongo."

Hasira zikanitoka zote kwa mpigo mmoja, nikabaki na miguu tu.

Tulikaa kwenye benchi la wageni. Akanieleza bila kujionea huruma, kama anavyoeleza mtu habari za jirani. Ndege ndio waliotangulia kuondoka, miaka mitatu iliyopita. Alidhani wamehama mtaa. Kisha mlio wa sufuria inayotaka kuchemka. Daktari alimwambia sauti nyembamba huenda kwanza, nene hufuata, na hakuna dawa ya kuzirudisha. Binti yake ni mshonaji, na siku hizi yeye mama, ili kujua kama cherehani inafanya kazi, anaweka unyayo sakafuni.

"Bawaba sijaisikia tangu mwaka juzi," akasema. "Naishika. Inanipanda kiganjani mpaka kwenye kiwiko, najua imefika wapi."

"Mwaka juzi? Na sisi hatukujua?"

"Ninyi mnasikia, hamna haja ya kuangalia." Akatabasamu. "Nilikuwa najiuliza, Mwandishi. Nikifika siku ambayo hata kiganja hakiniambii, Mzee atarudije nyumbani? Milango yake yote iko humu." Akajigonga kifuani, si kichwani. "Sasa kumetokea kitu kinachoweza kuihifadhi. Na tena kinaichora, naiona kwa macho! Mimi niseme hapana? Ili iweje?"

Nilijisikia mdogo, na niliona haya, nasema wazi. Ishirini na miwili ni miaka mingi ya kukaa chumba kimoja na mtu usimjue.

Basi zikabaki wiki tatu na nusu, na mimi nikahamia studio. Sikuwa na kazi ya maana ya kufanya humo, nikajitafutia. Fundi alikuwa ameipa milango namba: Mlango 1, Mlango 2, mpaka 16. Nikamwuliza, mwakani nani atakumbuka kumi na nne ni wa nini? Akakiri kwamba hata yeye hakumbuki wa jana. Kwake, alisema kwa upole, yote inakaribiana, na msikilizaji hatajua tofauti.

"Njoo uone, mwanangu," Bi Vishindo akamwambia, akamvuta mpaka kwenye skrini yake mwenyewe. "Huu, kilima kinaanza taratibu halafu kinaruka. Huyu kasukuma kwa bega, mikono imejaa. Huu mwingine una vilima viwili. Kafungua kidogo, kasita, kafungua tena. Mgeni huyo, hajui kama anatakiwa."

Fundi akavaa hedifoni, akasikiliza wa kwanza, akasikiliza wa pili. Akasikiliza tena. Akazivua.

"Niliupitia huu jana, nikasema umekatika vibaya," akasema. "Karibu niufute."

Hapo ndipo nilipopewa kazi. Kila mlango ukiingia, naandika jina lake. Nimeandika vitu vingi maishani, vingine vikapata tuzo, lakini orodha ile ndiyo ninayojivunia: Wa anayerudi mikono mitupu. Wa mtoto aliyetumwa akasahau alichotumwa. Wa mke anayejua mume kalala. Wa mume anayedhani mke kalala. Wa mwenye habari njema anayejaribu kuzificha. Wa shangazi mtu ambaye hajaalikwa na anajua hajaalikwa. Huo wa shangazi ulimfanya Fundi alie kwa kucheka, akasema ni mlango wa kwao kabisa.

Ni Fundi aliyenifafanulia kitu ambacho sikuwa nimekifikiri. Zamani, alisema, redio ilikuwa sebuleni, inashindana na watoto na vyombo. Sasa watu wanaiweka ndani ya sikio, wamelala kitandani au wako njiani, na hakuna kitu kati yao na maiki. Kila kitu kidogo kinasikika. "Kwa hiyo Mama hakuwahi kusikilizwa vizuri kama anavyosikilizwa sasa," akasema, kisha akanitazama, akatazama chini, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumweleza habari ya masikio.

Mlango uliotushinda ulikuwa wa thelathini na nne. Ilikuwa siku mbili kabla ya kabati kutolewa. Nilikuwa nimekwisha kuandika kipindi ambacho Mzee anarudi kutoka kumzika mdogo wake, na Bi Vishindo alitaka auache tayari.

Akafungua. Akaja kwenye skrini, akatazama, akarudi. Akafungua tena. Mara ya tatu, ya nne. Fundi alinyanyua kidole gumba kila mara, naye kila mara alitikisa kichwa. Mara ya sita alisimama katikati ya studio akitazama kiganja chake kana kwamba kimemdanganya.

"Kwenye kioo siuoni," akasema. "Mkononi sina hakika. Sijui mlio wa huzuni unachorwaje." Akanigeukia. "Mwandishi. Wewe umeusikiaje?"

Hakuwahi kuniuliza hivyo. Katika miaka yote ile mimi ndiye niliyekuwa sisikii, na sasa alikuwa ananiomba masikio. Nilitaka kusema ni mzuri. Ungekuwa wema mwepesi, na alikuwa amechoka, goti linamsumbua, na asingejua kamwe. Fundi alinitazama kwa jicho la kusema, sema ni mzuri.

"Bado," nikasema, nikihakikisha anaona midomo yangu. "Huyu amechoka tu. Huyu ametoka kazini."

Akakubali kwa kichwa. Hakuudhika, nadhani alifurahi.

"Haya. Niambie katoka wapi."

Safari hii nikamwambia. Nilimwambia kuhusu mdogo wake Mzee, ambaye wasikilizaji hawajawahi kumsikia kwa sababu sikuwahi kumwandikia hata neno. Kwamba walilala kitanda kimoja mpaka wakawa wakubwa. Kwamba kuna udongo kwenye viatu vya Mzee na hataki kuuingiza ndani, na hataki pia kuufuta. Sikujua kama nayajua mambo hayo mpaka nilipoyasema. Mengine, ukweli, yalikuwa ya kwangu na kaka yangu.

Bi Vishindo akaenda kwenye kabati, akachagua jozi ya viatu vizito, akavivaa. Akasimama mbele ya mlango. Akaweka kiganja juu ya ubao, akakiacha hapo. Taa nyekundu ilikuwa inawaka na yeye hafungui. Nikahesabu pumzi zangu kumi na moja. Kisha akauegemea, sio kuusukuma, akauachia uzito wake, na mlango ukaenda wenyewe. Bawaba ikaanza chini, ikapanda, ikafika pale inapokatika siku zote. Ikakatika. Lakini hakuingia. Viatu vilibaki nje ya kizingiti. Baadaye kidogo, kimoja kikavuka.

Fundi hakunyanyua kidole gumba. Alikuwa ameziba mdomo.

Bi Vishindo hakwenda kwenye skrini. Alinitazama mimi.

"Ndiyo," nikasema.

Kabati likatoka Ijumaa, kwa vipande. Viatu aligawa; mimi nilipata mwavuli, yaani njiwa. Meneja alitoa hotuba ya kweli, si ya kusoma, akampa saa ya ukutani isiyo na mlio, kwa bahati tu, maana hakujua. Mlango hawakuutoa. Mpiga picha aliyekuja kupima kamera aliupenda, akasema una historia, utapendeza nyuma ya waigizaji. Wakaupiga rangi ya buluu. Na kwa kuwa ulilia kila mtu alipougusa wakati wa kurekodi, fundi seremala akaukaza kwa misumari minne, haufunguki tena.

Nikapandwa na hasira mpaka nikaogopa nitaanguka. Bi Vishindo nilipomsimulia alicheka. Akaniuliza ni buluu ya namna gani.

Wiki tatu baadaye Fundi alimwita siku ya kurekodi, aje kusalimia tu. Alikuta kiti chake kipo palepale, hakuna aliyekuwa na moyo wa kukiondoa. Bibi Harusi alikuwa anapakwa poda kwa ajili ya kamera, akilalamika kwamba alichagua redio makusudi. Yule anayeigiza Mzee alikuja kumpa mkono kwa mikono miwili. Bi Vishindo akakaa, akazungusha macho kwenye taa mpya na ukuta mtupu, na kwenye mlango wake wa buluu wenye misumari. Hakuacha kuutazama haraka.

Nikagawa mswada. Mazoea yana taabu: ukurasa wa tatu nilikuwa nimeandika MLANGO UNAFUNGULIWA, nukta, nikaendelea na mazungumzo.

Fundi alikuwa akipitia kurasa huku mkono mwingine uko kwenye kompyuta. Akasimama hapo. Bila kuinua macho akasema, "Mwandishi, huu mlango wa nani, na katoka wapi?"

Hasira zangu ziliamka zenyewe. Mdomo ulikwisha kufunguka kusema mlango ni mlango. Haukusema. Niligeuka kumtazama Bi Vishindo.

Hakuwa amesikia. Alikuwa akitutazama kwa zamu, mimi na Fundi, mimi na Fundi, akijua tu kwamba kuna jambo limepita chumbani na halikumgusa.

"Kasema nini?" akauliza.

Nikaenda nikachutama mbele ya kiti chake, uso kwa uso, nikamwambia polepole: "Ameniuliza, mlango wa nani, na katoka wapi."

Akamtazama Fundi. Fundi naye sasa ameinua macho, hajui kosa lake liko wapi. Bi Vishindo alimtazama muda, machozi yakamjaa, akayaacha yateremke bila kuyafuta. Kisha akanigeukia mimi, na sura yake ilikuwa kali kweli, ukali ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Na wewe umemjibu nini?"